Chupa za Mazoezi

Miguu ilikuwa imemvimba hata viatu vikakataa kuvulika, basi Sindano akasimama navyo hivyo hivyo nyuma ya kaunta, chupa mkononi, akisubiri Fundi aanze kuhesabu. Baa ilinuka kama inavyonuka kila asubuhi: bia iliyomwagika, dawa ya choo, na moshi wa sigara uliolala kwenye mapazia. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Usiku kucha alikuwa amezunguka na sinia katikati ya meza hizo, na usingizi alikuwa bado hajauonja.

"Mimina," Fundi alisema.

Akainamisha chupa. Maji yakatoka kwa mstari mwembamba, yakiingia kwenye glasi.

"Moja, mbili, tatu, nne. Kata!"

Akakata. Fundi akayahamishia maji yale kwenye kikombe cha toti, akakiinua usawa wa jicho lake. Yalikuwa yamevuka mstari.

"Hapo umempa mteja zawadi," alisema. "Na Tajiri hapendi zawadi asizozitoa mwenyewe. Rudia."

Jina la Sindano alipewa na wateja kwa ajili ya wembamba wake, likamganda, hata Meneja akawa halijui lile alilopewa na wazazi. Fundi naye alikuwa mzee wa kaunta, mtu aliyeota mvi nyuma ya ubao ule ule. Na Tajiri, mwenye baa, alikuwa mtu wa kuonekana mara moja moja, akishuka kwenye gari na kupanda tena. Safari moja alikwenda huko anakokwendaga, akaona watu wa kaunta wanamimina kwa mkono mtupu, bila kikombe cha kupimia, chupa iko juu na wateja wanapiga makofi. Akarudi na amri: asiyeweza kumimina vile hasimami kaunta. Fundi aliweza tangu zamani, ila siku hizi mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na mteja anayeona toti yake inatetemeka anadhani anaibiwa. Ndiyo maana nafasi ya kaunta ya mchana ilikuwa wazi.

Kinywaji chenyewe hakichezewi, kwa hiyo wanaojifunza wanajifunza kwa maji. Fundi aliokota chupa tupu za gini akazijaza maji ya bomba. Zile za pombe za rangi ya kahawia akazitia maji ya majani ya chai, ili jicho lizoee. Kila chupa ya mazoezi aliifunga uzi mwekundu shingoni, na zote zilikaa chini ya sinki, mbali na rafu. Kwenye mambo mengine Fundi alikuwa mtu wa utani, lakini kwenye uzi alikuwa mkali kama pilipili.

"Chupa isiyo na uzi usiiguse," alimwambia. "Na yenye uzi isikanyage rafuni. Siku mteja akinywa mazoezi yako, wewe na mimi tumemwaga unga."

Masomo haya hayakuwa na malipo. Meneja alilisema wazi siku ya kwanza, akizungusha funguo kidoleni. "Mafunzo ni hiari, mama. Hujalazimishwa. Unajua wangapi wanaililia hiyo nafasi?"

Sindano alijua. Alijua pia kwamba asingeweza kuwaachia.

Wahudumu wa ukumbini walifanya kazi usiku, na yeye alikuwa na binti. Waliishi chumba kimoja, katika safu ya vyumba vinavyotazamana na ua wenye bomba moja na choo kimoja. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili na sketi zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Alfajiri moja Sindano alirudi kutoka kazini akasukuma mlango, mlango ukagoma. Alipoita ndipo akasikia meza ikiburutwa ndani. Binti alikuwa hajalala. Alikuwa amekaa macho kitandani, mwanga wa taa umemkausha uso.

"Alikuja tena?" Sindano aliuliza.

"Alisema nimfungulie, eti yeye ni mjomba."

"Ukamjibu nini?"

"Nilijifanya sipo, mama."

Mjomba mwenyewe alikuwa jirani wa chumba cha pili, mwanamume mpole wa kusalimia kila mtu, mlipaji kodi mzuri. Sindano alikwenda kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alimsikiliza huku akichokonoa meno. "Sasa mama," alisema, "mtoto wa kike anaachwaje peke yake usiku? Wewe unaona hapo kosa ni la nani?" Sindano alitoka pale amefura kwa hasira, na hasira hiyo hakuwa na pa kuipeleka. Kuhama? Kwenda wapi, kwenye vyumba gani visivyo na mjomba? Kilichobaki ni kaunta ya mchana. Mtu wa mchana anatoka jua likiwa bado juu, na usiku analala kwake, mlango ameufunga kwa ndani na mwanawe yuko ubavuni.

Tena kaunta ina ubao. Ukumbini mhudumu ni shemeji wa kila mtu, na kila shemeji ana mikono. Nyuma ya ubao ule mpana mikono haifiki.

Kwa hiyo alijikaza. Alimimina maji asubuhi baada ya asubuhi, macho yanawasha, mkono unauma kuanzia kifundo mpaka bega. Alijifunza kukata bila kudondosha. Alijifunza kupanga glasi za kundi zima zikiwa zimegusana midomo na kuzipitia kwa mkupuo mmoja, zote zikatoka sawa. Alijifunza kumwangalia mteja usoni wakati mkono unafanya kazi peke yake, na kujua ni nani wa kuongezewa barafu na nani wa kuitiwa teksi. Siku mkono wake ulipokubali, ukakata palepale kwenye mstari mara zote alizoambiwa, Fundi alicheka kicheko chake cha kikohozi.

"Sasa nenda kachukue kikombe cha toti ukakitupe," alisema. "Au kipeleke nyumbani ukapimie mwanao dawa."

Somo lililofuata lilikuwa la jicho. Fundi alitoa kichupa chake mwenyewe mfukoni, akatia tone kwenye glasi, akaizungusha. Pombe ilipanda ukutani mwa glasi, kisha ikashuka polepole kwa vijistari, kama machozi ya mtu asiyetaka kuonekana analia. "Kitu chenyewe kinashuka hivi," alisema. "Maji hayana subira, yanateleza yote mara moja."

Jioni ile ile, akisubiri sinia lake mbele ya kaunta, Sindano alichukua glasi ya gini iliyotoka rafuni, akaizungusha. Iliteleza yote mara moja. Akajaribu nyingine, mambo yakawa yale yale. Kesho yake asubuhi akamuuliza.

"Fundi, mbona ya rafuni inateleza kama maji yangu?"

Fundi aliutazama mlango wa stoo kwanza, ndipo akamtazama yeye.

"Mwanangu, jicho la kaunta linaona glasi ya mteja. Stoo halioni. Na hilo nalo ni somo, tena ndilo gumu kuliko yote."

Somo hilo Sindano alilielewa haraka. Palikuwa na karani mmoja ambaye kila jioni alikunywa toti zake tatu akaanza kupiga meza na kuwalilia wazazi wake marehemu. Kumbe masikini ya Mungu alikuwa analewa maji ya bomba. Sindano alitaka kucheka, akashindwa. Siku chache baadaye alitumwa stoo kuleta sabuni, akamkuta Meneja amechuchumaa na faneli, ndoo ya maji kando yake na chupa zimepangwa mbele yake bila vifuniko. 

"Umeona nini?" Meneja aliuliza, bila kusimama.

Swali hilo ndilo alilokuwa analiogopa. Angeweza kusema, na kazi ingekwenda. Angeweza kunyamaza. Akafikiria mlango wa chumba chake na meza iliyouegemea.

"Sijaona kitu, Bosi. Nimefuata sabuni."

Meneja akatabasamu. "Basi umeanza kuiva. Jumatatu unaingia mchana."

Alikimbia nyumbani, viatu mkononi. Binti alikuwa anafua uani. "Jumatatu naanza kaunta," Sindano alimwambia, pumzi zinamkatika.

"Hata usiku utalala hapa?"

"Hata usiku."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama yangu." Binti alisimama na povu mikononi, akacheka kama mtoto mdogo. Majirani waligeuka kutazama kuna nini. Yule jirani wa chumba cha pili naye alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake anachana nywele. "Hongera, jirani," alisema.

Jumatatu Sindano alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Alifungua baa pamoja na Fundi, akafuta ubao, akapanga rafu, chupa zikitazama mbele. Mteja wa kwanza alikuwa hajaketi sawasawa wakati wakaguzi walipoingia.

Wakaguzi hawakuwa wageni mahali pale. Kwa kawaida walikuja wawili, wakachekacheka, wakakaribishwa stoo, wakatoka wanajifuta midomo na mambo yakaisha. Safari hii walikuja wengi. Mbele yao alitangulia mkuu wao mpya, amefunga tai, na nyuma yake kijana mwenye kamera. Polisi wawili walibaki mlangoni. Mkuu alitumbukiza kipimo chake cha kioo kwenye chupa ya kwanza ya rafuni, akakisoma, akahamia ya pili. Alipofika ya nne aliigeukia kamera.

"Wananchi wanauziwa maji," alisema.

Meneja akamshika kiwiko, akamsogeza pembeni, na pembeni penyewe palikuwa pale pale Sindano alipokuwa amesimama anafuta glasi. Hawakushusha sauti kwa ajili yake.

"Mkubwa, haya si tunayazungumza siku zote?"

"Siku zote hakuna kamera. Leo siwezi kurudi mikono mitupu, ndugu yangu, wakubwa wanaangalia. Lazima apatikane mtu."

"Tajiri asiguswe."

"Nani kamtaja Tajiri? Nimesema mtu."

Meneja akainua macho, akayazungusha ukumbini taratibu. Yalipita kwa mfagiaji, yakapita kwa Fundi, yakamfikia Sindano na yakatua.

"Ni huyu," alisema, sasa kwa sauti ya kamera. "Ni mwanafunzi. Anajifunza kumimina kwa kutumia maji. Ameyarudisha maji yake kwenye rafu, labda kwa uzembe, labda anauza kitu chenyewe huko nje. Angalieni chini ya sinki."

Wakainama, wakazitoa moja moja na kuzipanga juu ya ubao alioung'arisha asubuhi: za maji, za chai, nyingine zikiwa nusu. Kijana wa kamera akasogea karibu. Sindano akanyoosha kidole kwenye shingo za chupa.

"Hizo zina uzi," alisema. "Zangu zote zina uzi mwekundu. Hazipandi rafuni hata siku moja!"

Mkuu akaukamata uzi wa chupa iliyo karibu, akauvuta. Ulifunguka bila shida. "Uzi unafungwa, mama, na uzi unafunguliwa."

"Muulizeni Fundi! Ndiye aliyenifundisha."

Wakamgeukia Fundi. Alikuwa ameshika kitambaa, na mikono ilikuwa inamtetemeka kuliko siku zote. Meneja alisimama karibu naye, karibu sana, akamwekea mkono begani kwa upole kama mtoto na baba yake.

"Ni kweli huyu anajifunza kwa maji?" mkuu aliuliza.

"Ni kweli."

"Na haya ya chai?"

"Ni ya kwake."

"Leo rafu kaipanga nani?"

"Kaipanga yeye. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kaunta."

Kila alichosema kilikuwa kweli tupu. Sindano alitafuta neno moja la kumkatalia, hakuliona.

"Waambie ya stoo, Fundi," alisema. "Waambie ndoo ni ya nani. Si uliniambia mwenyewe?"

Fundi aliinamia glasi iliyokuwa mbele yake, akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa kavu. "Mwanangu," alisema, "mimi stoo siingii."

"Na wewe uliyaona hayo ya stoo lini?" mkuu akamrukia Sindano. "Uliyaona ukanyamaza? Uliripoti wapi?"

 Sindano hakuwa ameripoti popote. Alikuwa ameulizwa umeona nini, akasema sijaona kitu.

Kitu kingine kilimchoma kuliko pingu walizomfunga. Polisi alipotaka kujua kama baa itamwekea dhamana mfanyakazi wake, Meneja alishangaa kweli kweli. "Mfanyakazi? Huyu si wetu. Hayumo popote. Anakuja kujifunza tu." Usiku wote ule wa kuzunguka na sinia, miguu yote ile iliyovimba, na kumbe hayumo. Wakati wanampitisha mlangoni Meneja alimwinamia sikioni, harufu ya marashi ikimtangulia. "Nenda kimya. Jioni nitakuja. Ukianza kuropoka, mimi sikujui."

Kutoka stoo wakaguzi walibeba makasha ya vinywaji vizima, vyenye lakiri zake. Waliyaita vielelezo.

Kituoni walimvua mkanda, viatu na simu. Simu ikatupwa kwenye droo ya meza ya mapokezi pamoja na za wengine. Alimwomba afande wa zamu apige mara moja tu, nyumbani kuna mtoto peke yake, wa kike, usiku anakuwa peke yake. Afande alikuwa anakula karanga. "Kila mama anayeletwa hapa ana mtoto," alisema. "Wasio na watoto hawafanyi makosa?" Akamfungia.

Mahabusu ilikuwa na dirisha dogo la juu. Sindano alikaa sakafuni akilitazama. Lilikuwa jeupe, likawa la njano, kisha mwanga ukaanza kutoka ndani yake. Kila aliposikia hatua alisimama. Meneja alisema jioni, na jioni ndiyo hii. Alijua amedanganywa, na bado akawa anasimama.

Mlango ulipofunguliwa, afande alimwambia atoke. Akampeleka, si nje, bali kule kwenye chumba cha mapokezi, nacho kilikuwa kimebadilika. Meza zilikuwa zimeunganishwa na kutandikwa kitambaa. Glasi zilikuwa zimepangwa. Mkuu wa kituo alikuwa anaagwa, amepandishwa cheo na anahamia makao makuu, na wenzake walikuwa wamekuja kumpongeza wakiwa wamefungua vifungo vya shingo. Mkuu wa wakaguzi alikuwepo, tai ameilegeza. Kando yake aliketi Meneja, na miguuni pake palikuwa na ndoo ya barafu. Alikuwa amekuja jioni kama alivyoahidi.

Juu ya meza, lakiri zimeshavunjwa, vilisimama vielelezo.

"Ndiye huyu?" mkuu wa kituo aliuliza. "Wanasema unamimina bila kupima."

"Nimemfundisha mwenyewe," alisema Meneja.

Sindano alisimama peku kwenye sakafu ya saruji. "Mkubwa, naomba niende nyumbani. Nimeacha mtoto. Nitarudi asubuhi, naapa. Hata mkitaka nisindikizwe na afande."

"Utakwenda, utakwenda," mkuu wa kituo alisema. Hakuwa mtu mkali. "Tuhudumie kwanza. Watu wana kiu hapa."

Mtu akamkabidhi chupa. Aliishika. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Labda akiwamaliza hawa haraka watamwachia, labda akimimina vizuri huyu mkubwa atalainika. Akazisogeza glasi zikagusana midomo. Akainamisha chupa na kuzipitia zote kwa mkupuo mmoja, mpaka ya mwisho, akakata. Hakuna tone lililoanguka kitambaani. Mkaguzi mmoja akapiga mluzi. Mkuu wao akazungusha glasi yake kwenye mwanga, na kinywaji kikashuka ukutani polepole, kwa vijistari.

"Hiki ndicho chenyewe," alisema. Wakapiga makofi.

"Una mkono, mama," mkuu wa kituo alisema. "Tena wa kazi. Ungetulia ungefika mbali. Ongeza."

Nje kulikuwa kumeshaingia giza. Alikuwa anaanza safu ya pili wakati mlio ulipoanzia chini ya meza, ndani ya droo. Simu ilikuwa inatetemeka juu ya simu nyingine, na glasi zote mezani zikaanza kugonganagongana kidogo kidogo. Sindano aliujua mlio wake. Saa kama hizi hakukuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

"Ni ya kwangu hiyo," alisema. "Afande, ni mwanangu huyo. Tafadhali."

"Mimina," Meneja alisema, akichagua kipande cha barafu. "Itanyamaza tu."

Simu ikanyamaza. Halafu ikaanza tena, na mkuu wa wakaguzi akaishika glasi yake kwa kiganja isitikisike, akamsogezea ajaze.